Kuganda kwa Joto: Maradhi ya Tarakilishi na Majina Yake Mjini Voi

Mwezi wa Julai, mafuta ya nazi yaliyonunuliwa Mombasa yakiwa majimaji huganda ndani ya chupa yakifikishwa Wundanyi. Hakuna mtu wa milimani anayeshangazwa na jambo hilo. Kuganda, kwa mzungumzaji wa Kiswahili, aghalabu ni tendo la baridi. Uji uliopoa huganda, mchuzi wa nyama ulioachwa usiku kucha huganda, na barafu si kingine ila maji yaliyoganda. (Damu nayo huganda, ila hiyo ina sababu zake.) Huko chini Voi, mita zipatazo 600 tu juu ya usawa wa bahari, mafuta yayo hayo hukaa majimaji karibu mwaka mzima. Hata hivyo ni Voi, wala si Wundanyi, ambako tarakilishi ya kijana mmoja iliganda alasiri baada ya alasiri kwa muda wa miezi miwili.

Kijana huyo alikuwa amefungua chumba cha michezo ya tarakilishi, mwendo mfupi kutoka stesheni ya zamani ya reli. Alikuwa na mashine tatu. Mbili zilikuwa dhaifu, zikifaa kwa karata na mashindano ya magari ya kizamani. Ya tatu ndiyo iliyovuta wateja. Ilikuwa imetumika, lakini ilikuwa na kadi ya michoro yenye nguvu, na ilinunuliwa kwa mkopo wa chama cha akina mama ambamo mamake mzazi ndiye aliyesimama mdhamini. Kabla ya kuteremshwa Voi, mashine hiyo ilikaa wiki tatu nyumbani Wundanyi. Kijana aliicheza hadi usiku wa manane na haikumwonyesha kasoro yoyote.

Voi ilibadilika tabia. Mchezo wa kandanda ungefika dakika ya themanini, mabao mawili kwa moja, kisha mchezaji angesimama mguu hewani, mpira hewani, na kelele za mashabiki zikikwaruza silabi moja bila kikomo. Aliyekuwa akiongoza alidai ushindi. Aliyekuwa akishindwa alidai fedha zake. Wote wawili walimdai mwenye chumba. Baada ya majuma machache, watoto wa mtaa waliibandika mashine jina la utani ambalo halifai kuandikwa katika jarida hili, na wateja wakaanza kupungua.

Fundi wa kwanza aliambiwa neno moja tu: inaganda. Akafuta kila kitu na kupakia upya mfumo wa uendeshaji. Mashine ikaganda. Akarudia kazi hiyohiyo, akalipwa tena, na mashine ikaganda tena. Mara ya tatu alitoa shauri kwamba kadi ya michoro imekufa na inunuliwe nyingine, ambayo bei yake ilizidi deni lote lililosalia katika chama. Kijana alikuwa tayari kuliuza baiskeli lake ili kupata sehemu ya fedha hizo.

Hapa pana jambo linalostahili kuwashughulisha wanafunzi wa isimu kuliko wanavyodhani. Wataalamu wa istilahi wamefanya kazi kubwa, tena ya kupongezwa, ya kuvipa majina vifaa vya teknolojia. Mjadala wa kompyuta, tarakilishi na ngamizi umekwisha kula wino mwingi. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliohusishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuandika barua katika programu ambayo maagizo yake yenyewe ni ya Kiswahili. Lakini kamati hizo zilivipa majina viungo na amri. Maradhi yaliachwa nje. Ni sawa na hospitali yenye majina ya mifupa yote ya mwili ila haina neno la kichomi wala la homa ya vipindi, na kila mgonjwa akifika husema tu kwamba "anaumwa". Katika hali hiyo, tabibu asiye na subira humpa kila mtu dawa moja.

Fundi wa pili alikuwa mzee mstaafu aliyefanya kazi ya umeme katika shirika la reli enzi za uhai wake. Hakugusa mashine. Alivuta kiti, akauliza.

"Inaganda vipi, mwanangu?"

"Inaganda tu, mzee. Inasimama."

"Sauti nayo inasimama, au inaendelea?"

Kijana hakuwa amewahi kuulizwa hivyo. Mzee akaendelea. Je, mashine husimama mahali palepale pa mchezo kila mara? Ikiwa ndivyo, huenda faili moja imeharibika. Husimama wakati wowote, hata mtu akiandika barua tu? Basi kumbukumbu ya mashine itiliwe shaka, au diski, au umeme wenyewe. Na taa za chumba, je, hufifia saa hizo? Au husimama baada ya muda ulio karibu sawa, nusu saa hivi, na tena mapema zaidi saa nane za mchana kuliko saa tatu za usiku? Kisha akamfunza jaribio dogo lisilogharimu hata senti. Mashine inaposimama, bonyeza kitufe cha herufi kubwa kwenye kibodi. Taa yake ndogo ikiwaka na kuzima, mfumo ungali hai na huenda ni mchezo pekee uliokwama. Taa isipoitikia, yaelekea mashine nzima imepoteza fahamu.

Mzee alikuwa na msamiati wake. Mashine iliyopunguza kasi aliiita inayokokota. Programu moja iliyogoma huku nyingine zikifanya kazi, imekwama. Mashine iliyojizima yenyewe, imezimia. Neno kuganda alilihifadhi kwa ile hali ya picha, sauti na kibodi kunyamaza kwa pamoja. Alimtaka kijana atafute daftari, aandike kwa siku saba: saa, mchezo, sauti, taa, na ni kipi kati ya vitenzi hivyo vinne kilichotokea.

Daftari ndilo lililotoa jibu. Karibu kila mara, kuganda kulitanguliwa na dakika chache za kukokota, na kulitokea kati ya saa saba na saa kumi. Asubuhi, hapakuwa na tukio hata moja. Mchezo, tofauti na barua, huufanyisha kazi ubongo wa mashine pamoja na kadi ya michoro kwa nguvu zote, kwa muda mrefu, bila pumziko. Kazi hiyo huzaa joto. Joto hutolewa na mapezi ya alumini yanayopulizwa na feni, lakini feni haiwezi kukipoza kitu kikawa baridi kuliko hewa inayoipuliza. Chumba cha mabati cha Voi mwezi wa Februari huanza safari hiyo kikiwa na digrii nyingi zaidi ya sebule ya Wundanyi. Mashine ikizidiwa hujipunguzia kasi ili ijiokoe. Ikishindwa, hujizima, au picha husimama pale kadi inapolemewa.

Walipoifungua, waliikuta imejaa vumbi jekundu la Tsavo, lilelile linalowafanya ndovu wa huko waonekane kama waliofinyangwa kwa udongo wa matofali. Mapezi yalikuwa yamezibwa kabisa. Dawa nyeupe inayopaswa kupitisha joto kutoka kwenye kichakataji hadi kwenye mapezi ilikuwa imekauka na kupasuka. Mzee alitumia brashi ya rangi na pampu, akashikilia feni kwa kidole isizunguke ovyo inapopulizwa, akafuta ile dawa kavu kwa spiriti na kupaka nyingine, kiasi cha punje ya dengu. Mashine ikainuliwa kutoka sakafuni, ikawekwa juu ya matofali mawili. Mzee alitoza malipo ya kazi na ya dawa, na kadi ya michoro haikununuliwa.

Haikuwa tiba kamili. Siku za joto kali mashine bado hukokota, na kijana huifunga kwa saa moja baada ya adhuhuri. Malipo ya chama ya miezi miwili yalichelewa. Mamake aliyafidia kwa fedha za mboga, na anaendelea kumlipa mama kidogo kidogo. Daftari limebaki mezani, na wateja wamejifunza kulitumia. Jumamosi moja mvulana wa miaka kumi hivi aliyekuwa nyuma kwa mabao matatu alinyanyuka na kupaza sauti kwamba mashine imeganda, arudishiwe fedha zake. Mpinzani wake alinyoosha mkono, akabonyeza kitufe cha herufi kubwa, akaitazama taa.

"Haijaganda," alisema. "Imekwama tu. Kaa chini."