Barabara Iliyozikwa

Katika Kiswahili, mkazo ukihama silabi moja tu, maana nayo huweza kuhama. Neno "barabara" likitiwa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho ni njia kuu. Mkazo ukirudi nyuma silabi moja, neno lilo hilo huwa na maana ya sawasawa, pasi na dosari. Aghalabu msafiri hudhani kwamba maana hizi mbili huandamana kama chanda na pete. Kipande kimoja cha Barabara ya Jimbo Nambari 61, huko Pennsylvania nchini Marekani, kinathibitisha kuwa zaweza kuachana kabisa.

Kipande hicho chenye urefu wa kilomita moja na ushei kilikuwa kati ya miji midogo ya Centralia na Ashland, katika eneo la milima ambalo wakazi wake waliishi kwa kuchimba makaa ya mawe. Mnamo Mei 1962, kwa mujibu wa simulizi inayokubaliwa na wengi, taka zilichomwa katika jaa lililokuwa kwenye shimo la mgodi wa zamani. Moto ukapenya ardhini, ukayafikia makaa. Ulipokuwa ungali mdogo, majaribio ya kuuzima yalikatizwa kwa kuwa fedha zilikwisha. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Moto ulitambaa chini kwa chini kwa miaka mingi. Ulipofika chini ya barabara, lami ilipinda, ikapasuka, moshi na mvuke vikafuka. Mafundi walikuja, wakaziba nyufa, wakaenda zao, nyufa zikarudi. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ulizibwa, tena si mara moja, ila hakuna aliyeweza kuziba ulikoanzia. Mnamo 1993 kipande hicho kiliachwa kabisa. Magari yakabaki kwenye mchepuko unaopita mahali palipokuwa kijiji cha Byrnesville, ambacho nacho kilihamishwa kwa sababu ya moto uo huo. Naam, njia iliyosalimika inapita penye mahame.

Barabara haifi peke yake. Mnamo 1983 Bunge la Marekani lilitenga zaidi ya dola milioni 42 za kuwahamisha watu wa Centralia. Mnamo 1992 jimbo likatwaa majengo yote kwa nguvu ya sheria, na mnamo 2002 mji ukanyang'anywa hata nambari yake ya posta. Mji uliokuwa na watu wapatao elfu moja mwaka 1980 ulihesabiwa watu watano tu katika sensa ya 2020. Wachache waliokataa kung'oka walipigania haki yao mahakamani, na mnamo 2013 ikaafikiwa kwamba waishi humo hadi mwisho wa maisha yao.

Huku nyuma, lami iliyoachwa ilipata wenyewe wapya. Vijana kutoka mbali waliijaza majina, michoro na ahadi za mapenzi, hata ikaitwa Barabara ya Michoro. Mnamo Aprili 2020, watu wakimiminika huko licha ya janga la Korona, kampuni iliyomiliki ardhi hiyo ilileta mamia ya malori ya udongo, ikaifukia.

Iliyozikwa ni lami. Moto ungali unawaka, na inakadiriwa kuwa makaa yaliyopo yanaweza kuulisha kwa zaidi ya miaka 200. Hata hivyo, kanisa jeupe lingali limesimama mlimani juu ya mji, na waumini wanaoishi kwingine hurudi kusali humo. Wanaotoka upande wa Ashland hupitia mchepuko. Ramani imewafutia njia ya zamani, lakini hufika. Na afikaye kwao, hata kwa kuzunguka, ameifuata njia yake barabara.