Beni: Muuguzi mhami ajiandaa kufundisha chuoni bila kuwahi kusimama darasani

Katika mji wa Beni, Kivu ya Kaskazini, wahami wengi wenye diploma wanakutana na swali moja kila wanapoomba kazi: umeifanya wapi, na kwa miaka mingapi? Kwa muuguzi mmoja, mama wa watoto watatu kutoka eneo la Rutshuru, swali hilo lilikuwa zito zaidi. Aliomba kazi ya asistenti katika chuo cha wauguzi, naye hajawahi kufundisha darasani hata siku moja.

Mama huyu ana lisansi ya uuguzi, ile wanayoita A0, na amefanya kazi ya hospitali na vituo vya afya kwa miaka tisa. Mwaka 2022 vita vilimfukuza hadi kambi ya Kanyaruchinya, karibu na Goma. Mwanzoni mwa mwaka 2025, wahami walipoondoka katika kambi za huko, alishika tena njia na watoto wake. Leo anaishi kwa familia moja ya Beni iliyompokea. Diploma yake ilipona kwa sababu alikuwa ameishonea ndani ya kitenge cha kubebea mtoto.

Tangazo la chuo lilidai "uzoefu wa kufundisha". Jirani akamwonyesha njia ya mkato: mjini kuna mtu anayeandika hati ya kazi ya shule yoyote unayotaka, pamoja na muhuri, ukimlipa dola 20. Mama aliwaza usiku kucha. Watoto wanahitaji karo, na familia iliyompokea nayo haina kitu cha kubakiza. Asubuhi alikataa. Aliona kwamba swali dogo tu la tume, kama jina la mkuu wa shule hiyo, lingemuumbua. Tena angewezaje kuwafundisha vijana waandike ukweli kwenye fishi ya mgonjwa, ikiwa yeye mwenyewe ameingia kwa karatasi ya uongo?

Aliyemsaidia ni mwalimu mmoja mzee wa mtaa huo, mwenye kupumzika sasa.

"Mama, hujafundisha mtu hata mmoja?" akamuuliza.

"Hapana, papa. Mimi ni mtu wa hospitali."

"Na wale wanafunzi wa staji waliokuja hospitalini kwenu, nani aliwaonyesha kupima presha?"

Mama akanyamaza kidogo, kisha akaanza kuhesabu. Kila mwaka alikuwa anapokea wanafunzi wa staji. Kambini, kolera ilipopanda, alifundisha watu wa kujitolea kutambua mgonjwa aliyepungukiwa maji, na kutengeneza maji ya kunywa kwa lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Mzee akamwambia aandike kila jambo katika daftari: alifundisha nani, walikuwa wangapi, na walijua kufanya nini baadaye. Hayo aliyaita mafunzo ya kazini, kwa jina lake. Halafu akampigia simu mkubwa wake wa zamani, ambaye alimtumia hati ya kweli kwa WhatsApp.

Chuo kilitaka kila mwombaji atoe somo la dakika 15 kwa Kifaransa. Mama alichagua kolera. Mara ya kwanza alipojaribu mbele ya mzee, alizungumza dakika 40, kuanzia asili ya ugonjwa hadi vyoo vya kambi. Mzee akamkatiza: "Mwanafunzi akitoka hapa, atajua kufanya nini?" Somo likabaki na lengo moja: kuhesabu seromu ya mtu mzima aliyepungukiwa maji sana. Hesabu ni mililita 100 kwa kila kilo. Mgonjwa wa kilo 50 anahitaji lita 5 za Ringer lactate: lita 1 na nusu katika nusu saa ya kwanza, na lita 3 na nusu katika saa mbili na nusu zinazofuata.

Watoto wakubwa wa familia ile wakawa wanafunzi wake, na katoni ikawa ubao. Siku moja kijana akauliza: "Na kama mshipa hauonekani, mama?" Akamweleza jinsi wanavyopitisha maji ya chumvi na sukari kwa mpira wa puani, na namna ya kumwangalia mgonjwa asitapike. Mzee akacheka. "Jibu hilo halimo kwenye vitabu vyangu. Ile ndiyo miaka yako tisa."

Kulikuwa pia na maswali ya chuo chenyewe. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya Congo viliingia katika mfumo wa LMD, ambamo mwaka mmoja una kredi 60, na kazi anayoifanya mwanafunzi peke yake nayo inahesabiwa. Je, umeme ukikatika jioni na intaneti hakuna, wanafunzi watafanya nini? Mama alitayarisha visa vya wagonjwa kwenye karatasi, vya kujibiwa kwa vikundi mchana. Na mwanafunzi akileta pesa ili apewe pointi? Jibu lake: anazikataa, anasahihisha kwa kipimo kilichoandikwa kabla ya mtihani, na anamjulisha mkuu wa idara.

Siku ya mahojiano, swali la kwanza lilikuwa lile lile aliloliogopa. Alijibu: "Darasani sijafundisha. Nimefundisha kando ya kitanda cha mgonjwa na ndani ya hema. Hii hapa orodha, na huyu ndiye aliyenisimamia." Mmoja wa tume alishika simu yake na kupiga namba hiyo hapo hapo. Ilipokelewa.

Hakupata nafasi ya asistenti. Ilipewa mwombaji mwingine aliyekuwa ameshafundisha. Lakini chuo kilimwita wiki mbili baadaye kusimamia staji ya hospitali kwa semesta moja, kwa malipo ya siku, na kikamwambia aombe tena tangazo jingine likitoka. Malipo hayatoshi kukodi nyumba, ila karo ya mtoto mkubwa imepatikana.

Daftari lake bado linajazwa. Kila jioni anaandika idadi ya wanafunzi aliokuwa nao na walichojifunza. Wahami wengine wawili wenye diploma, fundi wa umeme na mwanamke aliyesoma kilimo, wameanza kwenda kwa yule mzee kila Jumamosi, kila mmoja na daftari lake.