Lisemwalo Lipo? Maada Isiyoonekana na Daftari la Mshonaji

Wahenga walinena kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Usiku mmoja stima zilipopotea katika Mtaa wa Uhuru, Eastlands, jijini Nairobi, methali hiyo ilitiwa mizanini na watu watatu waliokuwa wameketi mlangoni wakisubiri taa zirudi. Mmoja alikuwa mama mshonaji, mwenye cherehani yake katika Soko la Uhuru kando ya Barabara ya Jogoo. Wa pili alikuwa mwanawe wa kwanza, aliyekuwa akisomea shahada ya Kiswahili katika chuo kikuu. Wa tatu alikuwa kitindamimba, mwanafunzi wa kidato cha nne aliyeipenda fizikia kuliko chakula.

Kwa kuwa giza lilikuwa limetanda hadi Jericho na Buruburu, nyota zilionekana kwa wingi usio wa kawaida. Kitindamimba akauliza: "Kaka, wewe ndiwe mtaalamu wa lugha. Kile kitu ambacho wanasayansi husema kimetapakaa angani na hakuna aliyekiona, Kiswahili hukiitaje?"

"Maada ya giza," kaka alijibu upesi, akitafsiri neno kwa neno kutoka Kiingereza.

Mama akacheka. "Giza mimi naliona, mwanangu. Ndilo hili lililonizuia kumaliza sare za watu. Nyinyi mnasema kitu kisichoonekana. Sasa giza limeingiaje hapo?"

Kaka alinyamaza. Miaka mitatu ya mihadhara kuhusu uundaji wa istilahi ilikuwa imeyumbishwa na swali moja la mlangoni. Ama kwa hakika, mama alikuwa amegusa kiini cha jambo. Giza ni ukosefu wa mwanga, na kitu cheusi ni kile kinachoumeza mwanga. Maada inayozungumziwa na wanafizikia haiumezi mwanga wala haiutoi. Mwanga hupita ndani yake kana kwamba hakuna kitu. Jina linaloisitiri vyema zaidi ni maada isiyoonekana.

"Ikiwa haionekani," mama aliendelea, "nani aliyewaambia kwamba ipo?"

Hapo kitindamimba alipata uwanja. Alieleza kwamba mwaka 1933 mwanaastronomia Fritz Zwicky, akiwa California, alichunguza kundi la galaksi liitwalo Coma. Aliona kuwa galaksi zile zilikwenda kwa kasi kubwa mno. Kwa uzito wa nyota zilizoonekana, kundi zima lingalikuwa limesambaratika zamani. Mwaka 1970, Vera Rubin na mwenzake Kent Ford walichapisha vipimo vya galaksi jirani ya Andromeda. Katika mfumo wa jua letu, sayari iliyo mbali huenda polepole kuliko iliyo karibu. Neptuni haiwezi kushindana na Dunia. Katika Andromeda mambo hayakuwa hivyo. Maada ya pembezoni ilizunguka kwa kasi iliyokaribia ile ya maeneo ya ndani, kana kwamba kulikuwa na uzito mwingine, mkubwa, ulioizingira galaksi yote.

Mama alisikiliza kwa makini, kisha akasema jambo lililomfanya kitindamimba ageuke kumtazama. "Basi ni kama daftari langu. Jioni nikihesabu pesa za sandukuni na zisilingane na maandishi, mambo ni mawili. Ama kuna mtu alitoa au alitia bila kuandikwa, ama mimi mwenyewe nimekosea hesabu."

Mabishano ya wanafizikia kuhusu jambo hili yanaweza kuelezwa kwa sentensi hizo. Historia nayo inazithibitisha zote mbili, tena kupitia mtu mmoja. Mfaransa Urbain Le Verrier aliona kuwa sayari ya Uranus ilikuwa ikienda kombo. Akakisia kuwa kuna sayari nyingine isiyojulikana inayoivuta, akapiga hesabu ya mahali ilipo, na mwaka 1846 wanaastronomia wa Berlin wakaiona Neptuni karibu na pale pale alipopataja. Lisemwalo lilikuwapo. Mwaka 1859, Le Verrier huyo huyo alikuta kasoro ndogo katika mwendo wa Utaridi. Akatumia dawa ile ile: lazima pana sayari nyingine karibu na jua. Ikapewa hata jina, Vulcan. Wako waliodai kuiona, lakini haikuwapo, na haikuja. Mwaka 1915, Albert Einstein alionyesha kuwa hesabu yenyewe ya mvutano ndiyo iliyohitaji kuandikwa upya: kwake, mvutano si kamba inayovuta kutoka mbali, bali ni kupinda kwa anga na wakati.

Je, maada isiyoonekana ni Neptuni au ni Vulcan? Wako walioshika kalamu kurekebisha hesabu. Mwaka 1983, Mordehai Milgrom alipendekeza kuwa kanuni ya Newton hubadilika pale ambapo mvuto ni hafifu mno. Mwaka 2010, Erik Verlinde wa Uholanzi alidai kuwa mvutano si kani ya asili hata kidogo, bali huzuka kutokana na mambo madogo zaidi, kama vile joto linavyozuka kutokana na msukosuko wa chembe nyingi. Haya bado ni makisio. Kwa upande wa pili, mwaka 2006 watafiti walichapisha uchunguzi wa makundi mawili ya galaksi yaliyogongana: gesi ilibaki katikati, ilhali sehemu kubwa ya uzito ilikuwa imepita na galaksi. Ushahidi huo unaelemea upande wa kitu kilichopo. Hata hivyo, matangi ya zenoni yaliyowekwa chini kabisa ya ardhi ili kuinasa chembe ya maada hiyo bado hayajainasa hata moja.

Kesho yake kaka alirudi chuoni akiwa na deni moyoni. Maktabani, alikutana na jina asilolitarajia. Setilaiti ya kwanza kuundwa mahususi kwa uchunguzi wa eksirei za angani iliitwa Uhuru. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka 7 ya kujitawala, kutoka jukwaa la San Marco la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Jina lile lilichaguliwa na Marjorie Townsend, mhandisi Mmarekani aliyeusimamia mradi huo. Setilaiti hiyo iligundua kwamba makundi ya galaksi, likiwemo lile la Coma, humwaga eksirei kutoka nafasi kubwa iliyo baina ya galaksi. Ikaja kufahamika kuwa huko kuna gesi yenye joto la mamilioni ya digrii. Gesi ya namna hiyo ingalitoroka kama mvuke wa sufuria isiyo na kifuniko, na uzito wa galaksi na gesi yenyewe hautoshi kuwa kifuniko.

Kijana aliyekulia Mtaa wa Uhuru, mwana wa mshonaji wa Soko la Uhuru, hakuwahi kuambiwa kwamba neno hilo la Kiswahili lilikuwa limetangulia angani kupima uzito usioonekana. Isitoshe, lilikuwa limetoka nyumbani. Mitaa ya Eastlands yenyewe ni kamusi: Bahati, Maringo, Shauri Moyo, Ziwani, Umoja. Vijana wake hubuni maneno ya Sheng kila uchao bila kuomba idhini ya mtu. Mahali penye ufundi huo wa kuunda maneno, udhaifu wa "maada ya giza" haukuwa umaskini wa lugha. Ulikuwa uvivu wa kutafsiri jina kabla ya kukielewa kitu.

Jumamosi alirudi nyumbani na kumsimulia mama habari za setilaiti. Stima zilikuwapo, na mama alikuwa amelifungua daftari mezani. Shilingi mia mbili hazikuonekana. Kitindamimba akataja jina la mteja mmoja aliyejulikana kwa kusahau madeni.

"Usimwandike mtu deni kwa kuwa tu hesabu yako haijakubali," mama alimkanya. Akaanza kujumlisha upya kutoka juu ya ukurasa. Jumla ikatoka ile ile. Akatia alama ya kuuliza pembeni, akaliacha daftari wazi, akarudi kwenye sare zake.