Moto wa Ardhini

Waogopao ndege huziogopa zikiwa angani. Ndege ndogo inapowashwa ingali imesimama, msafiri hufungua gazeti au hupekua mfuko akitafuta pipi. Mimi tangu mwaka 1993 gazeti silifungui mpaka injini zote zimeshika.

Kisa chenyewe ni petroli. Injini ya pistoni yenye kabureta hupewa mafuta kidogo ya kuianzisha, hasa ikiwa baridi. Yakizidi, au injini ikikataa mara mbili tatu, petroli hutuama chini penye kabureta na njia ya hewa. Kisha injini ikikohoa kinyumenyume, mwako hurudi huko, na petroli ile hushika moto. Moyo wa binadamu husema acha kila kitu, kimbia. Kitabu cha rubani husema endelea kuzungusha stata, kwa kuwa injini inayozunguka huvuta hewa, na moto hunyonywa ndani ya silinda, ambako ndiko kwao. Injini ikishika, huachwa izunguke kidogo, kisha huzimwa ikakaguliwe. Ikikataa, rubani hufunga mafuta huku akizidi kuzungusha, na mwenye mtungi wa kuzimia moto husogea.

Mwaka huo nilikuwa nakwenda Mafia kuwakagua wanachuo wangu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Ndege ilikuwa Islander, ile ya Waingereza yenye injini mbili mbawani. Ukikaa dirishani, injini unaitazama kama jirani wa barazani. Ya kulia ilikohoa, nikaona ulimi wa moto ukichungulia chini yake. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu akapiga ukelele, mkono ukaenda kwenye kitasa cha mlango.

Rubani, kijana wa umri wa wanachuo wangu, hakugeuka wala hakuacha stata.

"Mzee wangu, kaa! Rafadha inazunguka!"

Moto ule labda ungetuunguza. Rafadha haina labda, nayo ikienda kasi huioni. Unaona hewa tupu mbele yako. Mzee alikaa. Moto ukavutwa ndani, injini ikanguruma, na baada ya muda rubani akazima zote mbili, akatuteremsha kwa utulivu.

Nimepinga kukariri maisha yangu yote ya ualimu, na bado napinga. Mtoto anayeimba majira ya mwaka bila kutazama nje hajajifunza kitu. Hata hivyo nilimuuliza yule kijana alifikiri nini wakati ule. Akacheka, akasema hakufikiri. Alikuwa amefanyishwa zoezi lile, injini ikiwa imezimwa, mpaka mkono ukachoka. Akanionyesha kadi yake ya taratibu, pembe zimelika kama noti ya sokoni.

Tulingoja ndege nyingine hadi alasiri. Yule mzee alikaa chini ya mwembe na kikapu chake, hasemi na mtu. Ilipofika, aliomba kiti cha nyuma kabisa.