Moto Usio na Mgongo

Nchi yetu husemwa mara nyingi kuwa ni nchi ya joto, na wenzetu wa pwani, ambao shida yao ni kupata upepo, hawasadiki tuwaambiapo kwamba huku Njombe mtu hulalia mablanketi matatu. Lakini nyanda za juu ni sehemu ya taifa kama pwani ilivyo. Mji wa Njombe umo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo, upande wa Makete, wafikia mita 2,600 na zaidi. Katika miezi ya Juni na Julai sakitu hutanda juu ya majani alfajiri na kuunguza viazi mashambani. Kwa hiyo swali la joto la nyumba halijapata kuwa jambo la anasa kwetu.

Wazee walilijibu swali hilo kwa vitu walivyokuwa navyo. Nyumba ya msonge, iliyoezekwa kwa nyasi nene, ilikuwa na mafiga matatu katikati. Nyasi zilizuia joto lisitoroke. Moshi ulijipenyeza polepole katika paa, ukakausha nafaka darini na kuwafukuza wadudu. Huko Kilimanjaro, Wachagga waliwalaza ng'ombe ndani ya nyumba pamoja na watu, na joto la miili ya wanyama likawa sehemu ya joto la nyumba. Moto mmoja ulipika, ulipasha joto, ulimulika na ulihifadhi chakula. Tena ulikuwa na kazi ya tano isiyopimika: uliwaketisha watu wote mahali pamoja, mkubwa akasema na mdogo akasikia.

Sisemi haya ili kuutukuza moshi. Moshi wa kuni huharibu macho na mapafu, na mwanamke pamoja na mtoto aliye mgongoni ndio waulao kwa wingi zaidi. Mama yangu mzazi alikohoa miaka mingi. Ndiyo sababu sisi watoto wake tulichanga fedha tukamjengea nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye paa la bati na jiko la nje. Nyumba ilikuwa safi, tena imara. Lakini ilikuwa baridi. Bati hupoteza joto upesi usiku, na alfajiri hutona maji kwa ndani. Haikupita wiki, tukamkuta mama usiku wa manane huko jikoni, amejikunyata kando ya mafiga, akiivuta hewa ile ile tuliyotaka kumwepusha nayo. Basi ilitupasa kuchagua njia nyingine ya kumpatia joto.

Njia iliyo karibu kuliko zote ni jiko la mkaa. Miwati, ambayo ilipandwa huku kwa ajili ya magome yatumikayo kusindika ngozi, hutoa mkaa mzuri, na watu wengi hulitia jiko chumbani wakafunga madirisha. Wahenga walisema, pafukapo moshi pana moto. Lakini mkaa ukishakolea haufuki, na hapo ndipo penye hatari. Hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu husinzia akidhani ni raha ya joto. Katika mtaa wetu ndugu wawili walilala hivyo; asubuhi mmoja hakuamka. Tangu siku ile jiko la mkaa halikutajwa tena katika shauri letu.

Njia ya pili ilikuwa hita ya umeme. Haina moshi, haina majivu, na mzee aweza kuiwasha kwa kidole. Lakini hesabu ni hesabu: hita ya wati 2,000, ikiwaka saa nne kila usiku, hutumia yuniti 240 kwa mwezi mmoja. Mkulima wa viazi hawezi kulipa hivyo, na umeme ukikatika usiku wa Julai, hana pa kukimbilia.

Njia ya tatu ni dohani, kama zionekanavyo katika nyumba za zamani za wamisionari na walowezi, huku kwetu na huko Lushoto. Dohani hutoa moshi nje, lakini moto wa wazi hupeleka sehemu kubwa ya joto juu pamoja na moshi huo. Tulichagua jiko la chuma lenye mlango na bomba, kwa kuwa hutunza joto la kuni vizuri zaidi. Na kabla yake tulipiga dari chini ya bati, maana kupasha joto nyumba isiyo na dari ni kujaza maji katika tenga. Jiko tuliliweka sebuleni, likipakana na ukuta wa chumba cha mama. Kikohozi kimepungua, naye halali tena jikoni.

Hata hivyo, jioni moja alituambia neno ambalo sijalisahau. "Wanangu, moto huu ni mzuri, lakini una mgongo." Ni kweli. Mafiga hayakuwa na mgongo. Watu waliyazunguka pande zote, kila mmoja akauona uso wa mwenzake. Jiko la ukutani hutupanga kama wasafiri kituoni.

Mwezi wa Mei mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha ya kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Ni shabaha njema, na mapafu ya mama zetu yanaidai. Lakini gesi huivisha maharage kisha huzimwa, na nyumba hubaki baridi. Huku juu, ukiuondoa moto wa kupikia, umeuondoa pia moto wa kuota. Na asiyepewa njia nyingine atalibeba jiko la mkaa hadi chumbani. Kwa hiyo yafaa ramani za nyumba za Makete zisinakiliwe kutoka Dar es Salaam. Ziwe na dari, ziwe na bomba la moshi, na fundi akiweza, jiko alisimamishe katikati ya sebule badala ya ukutani, ili wajukuu waweze kulizunguka.