BARESI, BEKI ALIYEKOSA PENALTI

Kila jioni vijana wa kijijini hucheza mpira. Waulize wanataka kucheza nafasi gani. Karibu wote watasema wanataka kucheza mbele, ili wafunge magoli. Ni wachache wanaotaka kuwa mabeki. Beki akifanya kazi vizuri, hatajwi. Akikosea mara moja, wote wanamwona.

Leo nataka kueleza habari za beki mmoja wa Italia. Jina lake ni Franco Baresi. Mimi ni bwana shamba, si mwalimu wa mpira. Lakini mtu huyu alinisaidia katika kazi yangu, ingawa hanijui.

MTOTO WA WAKULIMA

Baresi alizaliwa tarehe 8 Mei, 1960, katika mji mdogo wa Travagliato, kaskazini ya Italia. Wazazi wake walikuwa wakulima. Kabla hajatimiza miaka 18, alikuwa amefiwa na baba na mama.

Kaka yake, Giuseppe, alichukuliwa na timu ya Inter katika mji wa Milan. Franco naye alikwenda kujaribiwa. Inter walimkataa kwa sababu walimwona ana mwili mdogo. Hakukata tamaa. Alikwenda kwenye timu nyingine ya mji huo huo, AC Milan. Hao walimchukua mwaka 1974. Alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu tarehe 23 Aprili, 1978. Alikuwa na miaka 17. Mwaka uliofuata Milan ilichukua ubingwa wa Italia.

HAKUHAMA

Furaha hiyo haikudumu. Mwaka 1980 Milan ilishushwa daraja kwa sababu ya watu waliopanga matokeo ya mechi ili wapate fedha. Baresi hakuwa na kosa, lakini alishuka pamoja na wenzake. Timu ilipanda, kisha mwaka 1982 ikashuka tena kwa kushindwa uwanjani.

Mwaka huo huo Italia ilichukua Kombe la Dunia. Baresi alikuwamo katika kikosi, ingawa hakuchezeshwa. Kijana aliyetoka kwenye Kombe la Dunia angeweza kutafuta timu nyingine. Yeye alibaki, akacheza daraja la pili. Akafanywa nahodha akiwa na miaka 22.

Subira huvuta heri. Mwaka 1987 Milan ilipata kocha mpya, Arrigo Sacchi. Aliwafundisha mabeki wanne kwenda pamoja, kama watu wanaolima kwa mstari mmoja shambani. Baresi ndiye aliyewaongoza. Alipoona wakati umefika, wote walisogea mbele kwa pamoja. Mshambuliaji wa timu nyingine akabaki nyuma yao. Akipigiwa mpira, ameotea. Katika msimu wa 1987 hadi 1988, Milan ilicheza mechi 30 za ligi, ikafungwa magoli 14 tu. Ikawa bingwa wa Italia. Mwaka 1989 na mwaka 1990 ikawa bingwa wa Ulaya.

SIKU YA KUKOSEA

Mwaka 1994 Kombe la Dunia lilichezwa Marekani. Mimi nilikuwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi. Baresi alikuwa na miaka 34, naye alikuwa nahodha wa Italia. Tarehe 23 Juni, katika mechi na Norway, aliumia goti. Alipasuliwa. Watu wengi walidhani kwake mashindano yamekwisha.

Tarehe 17 Julai ilikuwa fainali, Italia na Brazil. Kwetu ilikuwa usiku. Tulikaa uani tukimzunguka baba na redio yake ya betri. Mtangazaji akataja jina la Baresi. Hatukuamini. Zilikuwa zimepita siku 24 tu tangu aumie! Alicheza dakika zote 120 katika jua kali. Brazil walikuwa na washambuliaji hodari, lakini hawakupata goli. Italia nayo haikupata.

Ikaja penalti. Baresi alikuwa wa kwanza kupiga. Mpira ukapita juu ya goli. Wenzake wawili nao walikosa, na Brazil ikashinda 3 kwa 2. Baresi alilia mbele ya watu zaidi ya 90,000 waliokuwa uwanjani.

Nilimwuliza baba, "Kwa nini alikubali kupiga, naye mgonjwa?" Baba alijibu, "Nahodha hawezi kumtuma mtoto wa mwenziwe mahali asipokwenda mwenyewe." Kisha akazima redio, tukalala.

NAMI NILIKOSEA

Miaka mingi ilipita. Nikawa bwana shamba. Mwaka mmoja niliwashauri wakulima wa kijiji kimoja wapande mahindi mvua ya kwanza iliponyesha. Walinisikiliza. Mvua ikakatika kwa majuma matatu. Miche ikanyauka yote. Wengine ilibidi wauze kuku na mbuzi wanunue mbegu tena.

Nilipata haya kubwa. Nilipita njia nyingine ili nisionekane kijijini. Nilianza hata kuandika barua ya kuomba uhamisho.

Usiku mmoja nilimkumbuka Baresi. Baada ya penalti ile hakujificha. Alirudi Milan, akacheza miaka mitatu zaidi. Mwaka 1996 timu yake ilichukua ubingwa tena, naye ndiye nahodha. Nikaichana ile barua.

Asubuhi nilikwenda kijijini. Nilisimama mbele ya watu, nikasema, "Ndugu zangu, nilikosea." Watu walinyamaza. Mzee mmoja aliyepoteza ekari mbili akaniambia, "Mwanangu, mvua si yako. Tulichokasirikia ni kwamba hukuonekana. Sasa kaa hapa, tuambie tupande nini ardhi ingali na unyevu." Tulikaa mpaka jua likazama. Msimu ule tulipanda mtama na kunde.

MIAKA 20

Baresi aliacha kucheza mwaka 1997. Alikuwa amechezea timu kubwa ya Milan miaka 20, mechi 719. Alichukua ubingwa wa Italia mara 6. Milan iliiweka jezi yake, namba 6, asiivae mchezaji mwingine. Hawakuitazama ile penalti moja tu. Walitazama kazi yake yote.

Ndugu msomaji, labda nawe umekosea mbele ya watu. Labda ni katika ushirika, katika kamati, au nyumbani kwako. Usipite njia ya pembeni. Rudi kwa wenzako, useme kweli, kisha ushike jembe. Kazi bado ipo.