Maji Yalipokuwa na Uzito

Utotoni mwangu Uyole, Mbeya, maji yalipimwa kwa shingo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na mlima wa kutoka chemchemini ulikuwa uleule, uwe umechoka au hujachoka. Ndiyo maana nyumbani hayakumwagwa hovyo. Yaliyooshewa mchele waliyanywa nguruwe, ya kunawia yalikwenda kwenye figiri, na ya kufulia, kwa kuwa yana sabuni, yaliishia kwenye shina la mparachichi nyuma ya bafu. Siku hizi watu huwasifu mama zetu kwamba walitunza mazingira. Mama yangu alitunza shingo yake.

Udongo wetu umetokana na majivu ya volkano. Ni mwepesi, jembe linazama bila shida, lakini maji nayo yanazama vilevile. Mvua zikishakatika, Aprili au Mei, ni kiangazi hadi Novemba, na katikati hapo kuna ile baridi ya Juni na Julai inayobabua majani ya viazi. Mama alitandaza mabua na maganda ya maharage juu ya matuta, kisha akamwagilia kwa kopo lililotobolewa, shina kwa shina.

Bomba lilipofika uani, ankara ilikuwa ileile kila mwezi, utumie usitumie. Hapo tukaharibika. Tuliacha mpira wa maji ukitiririka kwenye chainizi huku tumekwenda kupiga soga kwa jirani. Mabua tukawapa ng'ombe. Na kwa kuwa hakuna aliyeteka tena chemchemini, hakuna aliyeuliza milingoti ilipopandwa hadi ukingoni; nguzo zake zina soko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, lakini milingoti haisomi sheria, na wenyewe walijifanya hawajaisikia.

Kaka yangu, aliyekuwa akilima mpunga bonde la Usangu, alitucheka. Mito mingi inayoshuka kutoka milima ya Uporoto hupita huko kwanza, ndipo iingie Ruaha Mkuu, mto ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Akasema, "Ninyi wa juu mnamwaga, sisi wa chini tunalaumiwa."

Kilichotubadilisha ni dira ya maji, iliyotufanya tulipe kwa yuniti. Yuniti moja ni lita 1,000, na tangu dira ilipofungwa nikaanza kusikia koki ikidondosha usiku, jambo ambalo masikio yangu hayakuwahi kulisikia. Ndipo tukatazama juu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa letu lina mita za mraba 60, na Uyole hupata karibu milimita 900 kwa mwaka: zaidi ya lita 50,000 zilizokuwa zikichimba uani na kuondoka na udongo.

Tukaweka tenki la lita 5,000. Hujaa kabla ya Krismasi, na ziada humwagika tu. Maji yanayotufaa kiangazi ni yale ya mvua za mwisho, kwa hiyo Aprili huwa tunalichunga kama ghala.

Mama alipokuja kulikagua aligonga ubavu wake, akauliza, "Mwanangu, na matuta mbona yako uchi?"

Mabua yamerudi. Ng'ombe tulishauza, hakuna wa kuyagombania nasi.